Mita Moja Iliyoliwa na Utepe

Haya, kaeni sawa. Hii ya leo nimeibeba tangu Jumatano na nusura inidondoke kwenye foleni ya maji, mbele ya watu nisiowajua hata kwa sura.

Kwa aliyeingia leo: mimi ndiye yule dada mwenye diploma ya takwimu aliyeachwa na mchumba kwa ujumbe wa simu, akapoteza kazi ya bima wiki hiyohiyo, akaangukia kwenye kiwanja cha besiboli. Ndiyo, besiboli. Ule mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Msinicheke, nilikuwa natafuta kazi, sikuwa nachagua mchezo.

Na kwa wale mlioniandikia kuuliza kama nimerudiana na mchumba: hapana. Alikuja kuchukua pasi yake ya nguo. Nikampa. Nikamfungia na waya vizuri. Sikusikia kitu chochote, hata hasira, na hapo ndipo nilianza kujiogopa.

Kazi yangu ni kupima vijana. Namsimamisha mtu ukutani, napima kimo, urefu wa mikono, upana wa kiganja. Akirusha mpira namwelekezea kile kidude tunachokiita bunduki, kinanitajia kasi. Mwisho kabisa anakimbia yadi sitini, mimi nimesimama mwishoni na saa ya kubonyeza.

Bosi wangu ni msaka vipaji. Haangalii sura, haangalii machozi. Anaangalia namba zangu. Yadi sitini chini ya sekunde saba, unakaa. Saba na kitu, unapewa soda na kuambiwa asante kwa kuja.

Wiki iliyopita niliwaacha pale mdogo wangu wa mwisho, Kishada, alipokimbia sita nukta tisa tano. (Tunamwita Kishada kwa sababu ni mwembamba hivyo, upepo ukivuma tunamshika shati.) Bosi akampa kitanda cha mwisho kwenye bweni la chuo cha besiboli. Kimoja, hakuna kingine. Kusaini ni Ijumaa.

Nyumba nzima tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Sasa sikilizeni.

Jumatano jioni mama alimsimamisha Kishada katikati ya sebule ampime suruali ya kupigia picha ya kusaini. Mama yangu ni fundi cherehani, miaka thelathini sasa, pini mdomoni, chaki sikioni.

"Simama wima, wewe! Unajikunja kama waya."

"Mama, unanitekenya."

"Nikutekenye wapi, huna nyama. We dada yake, andika."

Nikashika daftari. Mama akavuta futi yake ya kitambaa kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Mia moja na kumi na mbili," akasema. "Toa kumi. Andika mia moja na mbili."

Kalamu ikasimama.

"Kwa nini toa kumi, mama?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini tunakula kwa mdomo.

"Umelala? Futi hii ncha yake ilikatika kabla hujaanza shule. Naanzia kwenye kumi, halafu natoa kumi. Umekulia chini ya meza hii ukinisikia toa kumi, toa kumi, leo unauliza?"

"Na ukisahau kutoa?"

"Nikisahau mteja anapata suruali isiyo yake, na mimi napata matusi yangu."

Kishada akacheka. Mimi sikucheka. Vidole vilikufa ganzi, kisha mkono, kisha kitu fulani hapa kifuani. Nilikuwa nawaona midomo inacheza, sauti siipati.

Maana siku yangu ya kwanza kiwanjani, Fundi Chaki alinipa utepe mrefu wa kupimia. Fundi Chaki ndiye mtunza uwanja, anachora mistari yote. Akaniambia, "Mwanangu, utepe huu umeliwa mwanzoni. Anzia kwenye moja."

Nikaanzia kwenye moja. Nikaenda mpaka pale utepe uliposema hamsini na nne na sentimita themanini na sita, ndiyo yadi sitini, nikaweka alama. Halafu kwa sifa zangu za chuo nikasema mistari ya chaki inafutika kila mvua, tupake rangi ya mafuta. Nikaipaka mwenyewe. Nikajipiga na picha.

Sikuongeza ile moja.

Mtoto wa fundi cherehani, jamani. Mwenye diploma.

"Dada," Kishada akaniuliza, "mbona umeganda?"

"Njaa."

Akanitazama kidogo. Halafu akaitazama futi mkononi mwa mama; habari za utepe ulioliwa nilishamsimulia siku niliyopaka rangi. Sikulitilia maanani.

Alhamisi niliamka kabla ya jua, nikaiba futi ya mama, nikaenda kiwanjani. Stoo imefungwa, ule utepe mrefu uko ndani. Basi nikapiga magoti kwenye njia ya kukimbilia, ile ya udongo ulioshindiliwa, nikaanza kupima uwanja kwa futi ya suruali.

Futi inaishia mia moja na hamsini; ukianzia kwenye kumi, unabaki na mita moja na sentimita arobaini kila hatua. Nilikuwa nakwaruza alama kwa kucha, nahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Mara ya thelathini na nane, na sentimita sitini na kitu juu yake, nikafika kwenye mstari wangu mzuri mweupe.

Ilitakiwa iwe zaidi ya thelathini na tisa. Mita moja haipo.

Kwa mbio za vijana wale, mita moja ni kama sehemu kumi na tatu za mia ya sekunde. Ni kukonyeza jicho. Lakini sita nukta tisa tano ya Kishada ikawa saba nukta sifuri nane, hapohapo nikiwa nimepiga magoti.

Na si hilo tu. Mwezi mmoja kabla sijaajiriwa, kwenye mstari wa zamani wa chaki, ule wa kweli, alikimbia kijana mmoja anaitwa Mrefu. Ameandikwa kwenye daftari: saba nukta sifuri nne. Akapewa soda. Akaambiwa asante kwa kuja.

Mrefu ndiye rafiki wa Kishada. Walikuwa na glavu moja wawili wao, mmoja akidaka mwingine anasubiri zamu. Tangu Mrefu aachwe, glavu iko kwetu juu ya kabati, na Kishada haigusi.

Kwa hiyo Mrefu ana kasi kuliko mdogo wangu. Na kitanda kimeenda kwa mdogo wangu.

"Naona leo unaushonea uwanja suruali."

Niliruka. Fundi Chaki, na reki yake begani, kofia imegeuzwa nyuma.

"Nimedondosha hereni," nikasema.

"Hereni ya urefu gani hiyo, inatafutwa kwa futi?"

Nikabaki nimepiga magoti. Sikuona faida ya kusimama.

"Mzee, ule utepe. Nilianzia kwenye moja."

"Ndiyo."

"Sikuongeza moja."

"Najua."

Aliposema *najua* alikuwa anachomoa jani kwenye meno ya reki. Hakuinua macho.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ile rangi ilipokauka. Nilikuwa nachora njia ya pembeni, nikaona haikai sawa na yako."

Sasa nawaeleza kitu, na mama zangu mnaosoma mnisamehe. Mrefu, yule wa saba nukta sifuri nne, ni mtoto wa huyuhuyu Fundi Chaki. Wa kumzaa.

"Mzee! Ni mwanao! Ulijua Kishada anakimbia njia fupi, ukanyamaza?"

"Punguza sauti, hata reki ina masikio."

"Kwa nini?"

Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kuna karatasi pale ofisini. Kila mstari mpya unakaguliwa na mtunza uwanja, anatia sahihi. Nilitia. Sikukagua. Nikasema huyu katoka chuo, mimi nimpime nini? Sasa nikienda kusema njia ni fupi, wa kwanza kuulizwa ni mwenye sahihi. Na chumba ninacholala na mama yake Mrefu na watoto ni cha uwanja. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda."

"Na Mrefu anajua?"

"Mrefu anajua alishindwa. Kwake hilo linatosha kulala."

Niliwaambia najiogopa. Nilitakiwa kulia pale. Mtu anakueleza kwamba amemzika mwanawe kwa ajili ya paa, na kosa ni lako, unalia. Mimi nilikuwa naangalia kiatu chake cha kushoto. Kamba yake ilikuwa waya wa umeme, rangi ya buluu.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Nakuomba. Mdogo wako ameshapata. Wacha mmoja apate."

Nikaikunja futi ya mama. Nikasema, "Sawa." Ikatoka kwa urahisi kabisa, kama mtu ameniuliza kama chai ina sukari.

Lakini saa nne nilikuwa mlangoni kwa Bosi. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nimeshafungua mdomo, yeye akawahi.

"Dada Takwimu! Kaa. Simama. Hapana, kaa. Kesho tuna wageni kutoka makao makuu. Wameona namba zako, wamefurahi. Wanataka kumwona yule wa tisa tano akikimbia mbele yao kabla hajasaini."

"Bosi, kuhusu ile tisa tano..."

"Hawataki akimbie peke yake. Wanataka mtu wa kumsukuma. Nimepekua daftari, nikamwona yule mtoto wa mtunza uwanja, saba nukta nne."

"Saba nukta *sifuri* nne," nikamrekebisha. Yaani moyo hausikii kitu lakini takwimu zinasahihisha zenyewe.

"Hiyohiyo. Watakimbia pamoja. Nimewaambia wageni, mtu asilete ubishi: atakayekuwa mbele, na awe chini ya saba, kitanda ni chake. Wakizidi saba wote, kitanda kinahamia kituo kingine. Haya, wewe ulikuwa na nini?"

Nikamtazama. Nikaona ile karatasi yenye sahihi ya Fundi Chaki imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, imeanza kujikunja pembeni.

"Nilikuwa naomba saa ya pili," nikasema. "Kwa wakimbiaji wawili."

"Ndiyo maana nakupenda. Unafikiria mbele."

Jioni nyumbani mama alikuwa anapinda suruali. Kishada amekaa sakafuni, anapaka viatu vyake mafuta. Habari za Mrefu alishazipata, kazini kwetu habari hazina mlango.

"Dada, ukikimbia njia moja na mtu, urefu wa njia una shida gani?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu. Si wote tutakimbia ileile?"

"Wote ileile."

"Basi atakayekuwa mbele atakuwa mbele." Akapuliza vumbi kwenye kiatu. "Ila chini ya saba ndiyo itakuwa ya bure."

Mama akatoa pini mdomoni. "Nyie mnaongea nini?"

"Hesabu, mama," Kishada akajibu. "Toa kumi."

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nahesabu pini kwenye kile kimto cha pini cha mama. Zilikuwa arobaini na tatu.

Ijumaa niliamka, kitanda chake kitupu. Mama akasema ametoka mapema kupasha misuli. Nikanywa chai. Nikavaa ile blauzi nzuri, maana wageni. Nilijipaka na wanja. Nawaambieni ukweli, nilijipaka wanja kama mtu anayekwenda harusini, na ndani yangu kumezimwa taa zote.

Wageni walikuwa wawili, wenye kofia zinazofanana. Wakanishika mkono. Mmoja akasema namba zangu ni safi. Nikasema asante.

Fundi Chaki alikuwa pembeni na reki, anareki mahali palipokwisha rekiwa. Mrefu yupo, amevaa jezi ya zamani inayomfikia juu ya kitovu, anarukaruka. Nilipopita akaniambia, "Shemeji wa saa, leo usinibanie." Utani wa shemeji ni uleule tangu wakiwa watoto. Nikatabasamu, nadhani. Mashavu yalikwenda pembeni.

Nikafika mwisho wa njia, mahali pangu. Mahali pangu nina kizibo cha soda nilichokigongomea ardhini siku ya rangi, sentimita mbili kutoka kwenye mstari, ili nisimame palepale kila siku. Takwimu hizo.

Kizibo kipo. Mstari haupo.

Pale ulipokuwa, udongo umekwanguliwa kwa jembe ukashindiliwa tena, kazi ya mtu asiye fundi. Na mbele yake, hatua moja ndefu ya mtu mzima, kuna mstari mwingine. Mweupe. Bado unanuka rangi.

Nikamtazama Fundi Chaki. Naye alikuwa anautazama, reki imesimama hewani. Akatikisa kichwa polepole: si mimi.

"Dada, nishikie."

Kishada alikuwa amekuja mpaka kwangu, anavua koti. Akanipa. Kwenye kiganja chake kulikuwa na lengelenge mbichi limepasuka, lile la mpini wa jembe. Na chini ya kucha, vidole vyote vinne, rangi nyeupe ya mafuta.

"Umefanya nini?" nikamnong'oneza.

"Nimeongeza moja."

"Kishada. Kwenye njia hii wewe ni saba nukta sifuri nane."

"Hiyo ni ya siku ile. Leo nina viatu vimepakwa mafuta." Akacheka, lakini midomo ilikuwa mikavu. "Usimwambie mtu. Ukisema, mzee wa Mrefu anahamishwa, sahihi yake iko ukutani kwa Bosi. Usiposema, tunakimbia tu. Nilipima kwa futi ya mama, mara thelathini na tisa na kitu. Nikatoa kumi kila mara."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniandikia kwenye daftari."

Akaondoka anakimbia kwa kurukaruka, mgongo mwembamba huo, shati linapepea.

Nikabaki na koti lake mkononi. Na hapo, jamani, ikaanza. Mnajua mguu ukilala halafu ukaanza kuamka, yale mamia ya sindano? Ilianza kwenye vidole vilivyoshika koti, ikapanda. Iliuma. Nikasema, aa, kumbe bado nipo.

Saa ya kwanza mkono wa kulia, ya Kishada. Saa ya pili mkono wa kushoto, ya Mrefu. Kule mwanzo wa njia, mbali, vichwa viwili vimeinama.

Bosi akainua mkono. Ukashuka.

Nikabonyeza zote mbili.

Sitawaelezea mbio, ni sekunde saba, hata kupiga chafya huwahi. Nitawaambia tu kwamba walikuja wameshikana bega kwa bega kama wamebeba kabati, na Mrefu anatoa sauti kama mlango mbovu, na Kishada hatoi sauti yoyote. Walipita mstari mpya shati kwa shati. Vidole vyangu vikabonyeza. Kulia. Kushoto. Au kushoto, kulia. Naapa sijui.

Wote wawili wakaanguka kwenye nyasi, mmoja juu ya mwingine, wakicheka na kukohoa.

Nilikuwa nimefumba viganja vyote, saa ndani yake. Sijaangalia.

"Namba, dada," Bosi akasema. Wageni wamefungua madaftari yao.

Kishada akainua kichwa kutoka kwenye nyasi. Alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo, ananijua. Akaanza kutikisa kichwa: hapana, hapana.

"Bosi," nikasema, "kabla ya namba, nina mita moja ya kukueleza. Niliipoteza mimi. Mimi peke yangu, mtu mwingine asiulizwe."

Nyuma yangu nikasikia reki ikianguka.

Mgeni mmoja akamtazama mwenzake. Bosi akautazama mstari, akaitazama ile sehemu iliyokwanguliwa, akakiona na kizibo changu. Nikamwona anapiga hesabu. Halafu macho yake yakapita juu ya bega langu, yakaenda moja kwa moja kwa Fundi Chaki.

"Nani alitia sahihi njia hii?" akauliza.

"Bosi, nimesema ni mimi..."

"Nimekusikia." Sauti yake ilikuwa ya chini, na sikuwahi kumsikia akiongea chini. Akanyoosha mkono. "Fungua viganja kwanza. Nikishajua nani amepata kitanda, nitajua nani ananidanganya."

Nikafungua cha kushoto, chenye saa ya Mrefu.